Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Mume na Mke Wanapotofautiana Kuhusu Jina la Mtoto

Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi mara nyingi miongoni mwa wazazi wa Nairobi wanaotarajia mtoto, au ambao tayari wana mtoto mchanga anayeitwa "mtoto" tu kwa sababu wazazi wenyewe hawajaafikiana. Majibu yanagusa sheria ya Kenya, mila za jamii zinazoishi mjini humu na mazungumzo ya mume na mke. Pale ambapo jibu ni maoni wala si sheria, tumesema hivyo waziwazi.

Kwa nini suala la jina limezua ugomvi mkubwa kuliko tulivyotarajia?

Kwa sababu mara nyingi wanaobishana hawazungumzii kitu kimoja. Mmoja anafikiria jinsi jina linavyosikika na jinsi mtoto atakavyoitwa darasani, ilhali mwenzake anamfikiria mzazi wake aliye kijijini, ambaye tangu siku ya harusi amekuwa akingoja kusikia kwamba naye "amezaliwa". Katika jamii nyingi za Kenya jina hurithishwa, na kumnyima mzee jina lake kunaweza kueleweka kama kumkana. Mke aliyelelewa katika nyumba ambamo majina yalichaguliwa kwa uzuri wake atauona msimamo wa mumewe kuwa ukaidi mtupu, wakati mume naye anahisi kwamba anaombwa akamwambie babake jambo ambalo hana kinywa cha kulisema.

Maisha ya Nairobi nayo yana mchango wake. Wawili wamekutana kazini, chuoni au kanisani, nyumbani wanazungumza Kiswahili, Kiingereza na Sheng, na wanaweza kuishi pamoja kwa miaka kadhaa bila tofauti za mila zao kugongana. Hata mahari, kwa kawaida, hujadiliwa na wazee huku wao wameketi pembeni. Jina la mtoto basi huwa ndilo jambo la kwanza la kimila ambalo wanapaswa kuliamua wenyewe, tena kwa muda mfupi, huku simu zikiingia kutoka pande zote mbili.

Kwa hiyo, kabla ya mtu yeyote kutetea jina lolote, ni vyema kila mmoja amuulize mwenzake: tukiliacha jina hili, ni nani atakayeumia, na kwa nini? Jibu likiwa "hakuna, nalipenda tu," jina hilo lina nafasi ya kujadiliwa kama jina lingine lolote. Jibu likiwa "mama yangu," basi kinachojadiliwa ni heshima ya mama, na kuna njia zaidi ya moja ya kumheshimu.

Kisheria, ni nani mwenye haki ya kumpa mtoto jina?

Wote wawili. Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa, na kifungu hicho hicho kinasema kwamba baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza, wawe wameoana au la. Kifungu cha 45 nacho kinawapa wanandoa haki sawa wakati wote wa ndoa. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inahesabu kumpa mtoto jina kuwa sehemu ya majukumu ya mzazi, na majukumu hayo hayakugawanywa kwa kigezo cha nani ni mwanamume au nani aliyelipa bili ya hospitali. Babu, nyanya, shangazi na mjomba hawamo katika orodha hiyo. Wana sauti kubwa katika mila, lakini hawana saini katika fomu.

Ni lazima pia kusema kwamba sheria haimtaji mshindi pale wazazi wawili wenye haki sawa wanapokosa kukubaliana. Inawaachia wenyewe, na ikibidi sana inaiachia mahakama, ambayo itatazama maslahi ya mtoto kwanza.

Tuna muda gani wa kuamua?

Kwa karatasi, muda ni mrefu kuliko watu wanavyodhani. Kwa hali halisi ya wodini, ni mfupi mno. Mtoto akizaliwa katika hospitali ya Pumwani, Mama Lucy, Mbagathi au ya kibinafsi, wahudumu hujaza taarifa ya kuzaliwa na kumwuliza mama jina la mtoto, mara nyingi kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Mtoto akizaliwa nyumbani, taarifa hutolewa kwa naibu wa chifu wa eneo hilo. Taarifa hiyo ndiyo inayotumiwa baadaye kuomba cheti cha kuzaliwa, na siku hizi maombi hayo hufanywa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali.

Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo inataka mtoto asajiliwe ndani ya miezi 6. Baada ya hapo usajili huhesabiwa kuwa umechelewa, nao huhitaji idhini ya maandishi ya msajili mkuu na nyaraka za ziada. Sheria hiyo hiyo inatambua kwamba mtoto anaweza kusajiliwa kabla hajapewa jina, na inamruhusu mzazi kuliandikisha jina, au kuandikisha jina lililobadilishwa, ndani ya miaka 2 tangu usajili, kwa ada iliyowekwa na ushahidi ambao msajili ataridhika nao.

Hata hivyo, hatushauri mtu kuitegemea miaka hiyo 2. Mama aliyejifungua usiku, aliye peke yake kitandani na anayeulizwa jina na muuguzi mwenye haraka, ataandika lile lililo karibu na moyo wake, na hakuna wa kumlaumu. Ugomvi mwingi unaoelezwa kama "aliandika bila kunishauri" ulianza kwa sababu mashauriano yaliahirishwa hadi siku ambayo hayakuwezekana tena. Kufikia mwezi wa 7 wa mimba, majina mawili, la kike na la kiume, yawe yameandikwa kikamilifu kwenye karatasi moja, kwa tahajia iliyokubaliwa, na karatasi hiyo iwe ndani ya begi la kwenda hospitalini. Ikiwa picha ya kliniki imewaonyesha kwamba ni msichana, andaeni la mvulana pia.

Mume wangu ni Mkikuyu na anasisitiza kwamba mvulana wetu wa kwanza lazima aitwe babake. Je, sina la kusema?

Unalo, lakini ni muhimu uelewe kwanza unachokikabili. Kwa desturi ya Wakikuyu, mvulana wa kwanza huitwa babake mume na wa pili huitwa babake mke. Msichana wa kwanza huitwa mamake mume na wa pili mamake mke. Wanaofuata hupewa majina ya ndugu wa pande hizo mbili kwa zamu. Ni utaratibu wenye haki yake ya ndani, kwa maana unawahakikishia wazazi wako pia nafasi, na ndiyo sababu binti wa Kikuyu husikika akimwita mwanawe wa pili "baba" kwa upendo usio na mzaha wowote.

Tatizo ni kwamba utaratibu huo ulipangwa kwa familia za watoto wengi. Familia nyingi za Nairobi leo, kwa sababu ya kodi ya nyumba na karo, husema watoto ni wawili, basi. Wakizaliwa mvulana na msichana, wazazi wote wawili wa mume wamepata majina na wazazi wa mke hawajapata hata moja. Mke anapolalamika katika hali hiyo halalamikii mila, kwani anachotaka ni ile nusu ya mila ambayo idadi ya watoto imeifuta. Mume mwenye busara huliona hilo mara moja akielezwa kwa hesabu badala ya kwa hasira.

Zipo familia ambazo zimeafikiana kwamba mtoto wa kwanza, awe wa kike au wa kiume, afuate upande wa mume, na wa pili afuate upande wa mke, bila kujali jinsia. Nyingine humpa mtoto mmoja majina ya pande zote mbili: jina la babu wa kwa baba likawa ndilo la kuitwa, na jina la kwa mama likakaa katikati. Kwa maoni yetu mpango wa kwanza ni imara zaidi, kwa sababu jina la katikati ambalo halitamkwi na mtu yeyote nyumbani halimpi mzee furaha yoyote, na wazee hulitambua hilo haraka kuliko tunavyofikiri.

Jambo moja la kuepuka ni kuahidi. Wanandoa hukubali kwa mdomo kwamba "wa pili atakuwa wako", kisha wa pili hazaliwi, au anazaliwa ndoa ikiwa imekwisha vunjika. Ikiwa kuna jina ambalo hutaweza kuishi bila kumpa mtoto, litaje sasa.

Sisi tumetoka jamii mbili tofauti. Tufuate mila ya nani?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na huwa gumu zaidi pale ambapo mila hizo mbili zinatumia mantiki tofauti kabisa, kiasi kwamba kila upande unaona mwingine hauna utaratibu.

Chukueni mfano wa mume Mluo na mke Mkikuyu. Kwa Waluo, mtoto hupata jina moja kutokana na wakati au hali ya kuzaliwa kwake: Otieno au Atieno akizaliwa usiku, Ochieng' au Achieng' jua likiwa kali, Okoth au Akoth mvua ikinyesha, na mapacha ni Opiyo na Odongo, au Apiyo na Adongo. Jina hilo halibishaniwi, kwa sababu saa ndiyo iliyolitoa. Zaidi ya hilo kuna jina linalotoka kwa jamaa aliyefariki, ambalo kimila huweza kuja kwa njia ya ndoto, na mtoto anayelia bila kunyamaza huchukuliwa kwamba anadai jina ambalo hajapewa. Mke wa Kikuyu kwa upande wake anataka kumpa mtoto jina la nyanya ambaye yu hai, anapika chai, na atakuja Nairobi kumwona somo wake. Katika nyumba nyingi za Waluo wa makamo, kumpa mtoto jina la mtu aliye hai kunaweza kuzua maswali. Katika nyumba ya Wakikuyu, kungoja hadi nyanya afe ndipo jina lake litolewe kunasikika kama laana. Hapa hakuna mbaya, na anayejaribu kumthibitishia mwenzake kwamba mila yake ndiyo "ya kawaida" anapoteza muda.

Habari njema ni kwamba mila hizi mbili hazijazi nafasi moja. Jina la saa na jina la nyanya vinaweza kukaa kwa mtoto mmoja bila kugongana: Atieno Wambui ni jina kamili, na kila upande una lake la kuita. Hali ni hiyo hiyo kwa Wakalenjin, ambao wengi wao humpa mtoto jina la wakati kama Kipkoech au Chepkoech kwa aliyezaliwa alfajiri, na kwa Wabukusu, ambao huwa na Wafula na Nafula wa majira ya mvua, Wekesa na Nekesa wa mavuno. Mila zinazoangalia majira na mila zinazoangalia ukoo huweza kuunganishwa kwa urahisi. Zinazogongana kweli ni zile mbili zinazodai nafasi ile ile, kwa mfano mume na mke ambao kila mmoja anataka jina la marehemu babake liwe la kwanza, na hapo hakuna ujanja wa mpangilio utakaowaokoa. Mmoja atangoja, na anayengoja aambiwe hivyo mbele ya wazee wake, na mwenzake ndiye aseme, ili isionekane kwamba alishindwa nyumbani kwake mwenyewe.

Wapo pia wanaoamua kumpa mtoto jina la Kiswahili, kama Amani, Imani, Baraka, Neema au Zawadi, kwa sababu halielekezi upande wowote. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 wazazi wengine walikuwa na sababu nyingine nzito ya kutotaka jina la mtoto litangaze kabila lake. Ni uamuzi unaoheshimika. Ila usichukuliwe kama njia ya kukwepa mazungumzo, kwa maana nyanya ambaye alitarajia somo hataliona jina la Baraka kuwa suluhu. Ataona kwamba wote wawili wamemnyima.

Je, ni lazima mtoto apate jina la kizungu au la mtakatifu ili abatizwe?

Si lazima. Kwa Wakatoliki, Sheria ya Kanisa iliyotolewa mwaka 1983 inawataka wazazi, wasimamizi na paroko wahakikishe tu kwamba mtoto hapewi jina lililo kinyume na hisia za Kikristo. Haidai kwamba jina liwe la mtakatifu, ingawa mapadre wengine bado hulihimiza. Makanisa mengine yana desturi zake, na ni bora kumwuliza mchungaji mapema kuliko kubishana naye siku ya ubatizo.

Mjadala huu nchini Kenya ni wa zamani. Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa kwanza wa rais, aliyaacha majina yake ya ubatizo, na wanawe Oburu na Raila wakajulikana kwa majina ya Kiafrika. Raila naye alimwita mwanawe wa kwanza Fidel, jina lililotoka Cuba. Kila kizazi huwa na sababu zake, na anayewaambia vijana wa leo kwamba jina la kigeni ni utumwa, au kwamba jina la asili ni ushamba, akumbuke kwamba mambo haya hubadilika ndani ya nyumba moja.

Sisi ni Waislamu. Je, dini haijatoa jibu?

Imetoa mwongozo. Mtoto huadhiniwa sikioni anapozaliwa, na jina hutolewa siku hiyo au siku ya 7 pamoja na akika, ambapo kwa kawaida huchinjwa mbuzi wawili kwa mvulana na mmoja kwa msichana. Jina liwe na maana njema. Wapo wanavyuoni wanaosema kwamba wazazi wakizozana, haki ya kutaja jina ni ya baba, lakini hao hao huhimiza mashauriano, na mume anayekimbilia fatwa kabla ya kumsikiliza mkewe ameanza mwisho.

Kwa familia za Kisomali wa Eastleigh au South C, uwanja wa ugomvi ni mdogo, kwa sababu mtoto hubeba jina lake, la baba na la babu kwa mfuatano. Kinachobishaniwa ni jina la kwanza tu. Suluhu ambayo husikika mara nyingi ni baba kupendekeza majina matatu na mama kuchagua, au kinyume chake.

Mama mkwe amekwisha mpa mtoto jina na anamwita hivyo mbele ya wageni. Tufanyeje?

Mwenye kuzungumza naye ni mwanawe. Mkaza mwana akienda mwenyewe, hata akisema kwa adabu ya namna gani, maneno yatasafiri hadi kijijini yakiwa yamebadilika. Mwana anaweza kusema: "Mama, jina ulilolitaja tumelisikia na tunaliheshimu. Mimi na mke wangu tumeamua mtoto aitwe hivi, na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa." Sehemu ya mwisho ni ya maana kuliko inavyoonekana, kwa sababu mzee hukasirishwa zaidi na kusikia habari kwa jirani kuliko na habari yenyewe.

Kama mama ataendelea kutumia jina lake, mwacheni. Mtoto mwenye jina la nyumba ya nyanya na jina lingine la shule si jambo geni katika nchi hii, mradi cheti cha kuzaliwa kina majina yaliyokubaliwa na wazazi wote wawili.

Hatujafunga ndoa. Je, jina la baba linaweza kuingia katika cheti, na ni lazima mtoto atumie jina la ukoo wake?

Hapo awali sheria ya usajili ilizuia jina la baba asiyeoana na mama kuandikwa, isipokuwa wote wawili waombe kwa pamoja. Mwezi Mei 2016, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu ya Nairobi aliamua kwamba kifungu cha 12 cha sheria hiyo kinakiuka Katiba, kwa kuwa kinambagua mtoto kwa sababu ya hali ya wazazi wake. Kwa hiyo kutokuwepo kwa ndoa peke yake si sababu ya kumwacha mtoto bila jina la baba katika cheti. Baba akikana, suala linageuka kuwa la ushahidi, na mahakama inaweza kuagiza uchunguzi wa DNA.

Kuandikwa kwa baba ni jambo moja, na jina la mwisho la mtoto ni jingine. Sheria hiyo haimlazimishi mtoto kubeba jina la ukoo wa baba. Kwa desturi ya Wakikuyu, kwa mfano, watoto wa mwanamke asiyeolewa hupewa majina ya wazazi wake yeye. Wanawake wengine huogopa kwamba mtoto mwenye jina tofauti na la mama atawasumbua kwenye uwanja wa ndege au shuleni. Tahadhari rahisi ni kusafiri na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Na kwa wanaodhani kwamba jina la mume huisha na ndoa, Profesa Wangari Maathai, baada ya talaka ya mwaka 1979 na mumewe kudai aliache jina lake, aliongeza herufi moja tu na akalipeleka hadi kwenye Tuzo ya Amani ya Nobel ya 2004.

Mwenzangu aliandikisha jina bila idhini yangu. Linaweza kubadilishwa?

Ndani ya miaka 2 tangu usajili, njia ni ile iliyotajwa hapo juu: kwenda kwa msajili wa vizazi na kuomba jina lirekebishwe. Baada ya hapo njia inayotumika ni hati rasmi ya kubadilisha jina, inayotayarishwa na wakili, kusajiliwa kwa msajili wa nyaraka na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Kenya. Mtoto aliyefikisha miaka 16 ni lazima akubali mwenyewe.

Kabla ya kufika huko, jiulize kama kinachokuudhi ni jina au ni kitendo. Wengi hugundua kwamba jina lenyewe wangelikubali kama wangeulizwa. Kwa hali hiyo kinachotakiwa ni kuombwa radhi, wala si safari ya kwa wakili. Lakini kama jina limetumiwa makusudi kumfuta mtu, kwa mfano kuliondoa jina la ukoo wa mwenzako katika wiki ambayo mlikuwa mmekosana, usilinyamazie. Mtoto akishaandikishwa shuleni, jina lile lile huingia katika rekodi za Baraza la Mitihani la Kenya na baadaye katika kitambulisho, na kila hatua huongeza gharama ya kulibadilisha.

Mwenzangu anataka jina la mtu mashuhuri.

Mnamo Julai 2015, Rais Barack Obama alipozuru Nairobi, kulikuwa na taarifa za watoto waliopewa majina yake, na hata jina la ndege yake. Swali la kujiuliza ni kama jina litaeleweka bila habari za wiki ile. Barack linaeleweka. La ndege, hapana. Kuhusu wanasiasa walio hai na wanaoendelea kuwania vyeo, sisi tungengoja.

Nimegundua kwamba jina analolipenda ni la mpenzi wake wa zamani.

Liache. Hakuna hoja ya mila, ya dini wala ya sheria inayolitetea.

Tumekubaliana jina lakini si tahajia. Je, ni jambo la maana?

Ni la maana sana, na ndilo linalopuuzwa zaidi. Majina ya Kikuyu yana herufi ĩ na ũ ambazo mifumo mingi ya kompyuta haizipokei, na alama ya juu katika Ng'ang'a au Ochieng' huandikwa katika hati moja na kuachwa katika nyingine. Wambui na Wambuyi, Njoroge na Ndoroge, Akinyi na Akiny: tofauti ndogo ya aina hii ndiyo inayomrudisha mtu ofisini miaka 18 baadaye anapoomba kitambulisho. Amueni tahajia moja, iandikeni kwa herufi kubwa, na someni taarifa ya hospitali kabla ya kuondoka wodini, herufi kwa herufi. Akina baba wasiwaachie mama kazi hiyo. Ni nani ana nguvu ya kusahihisha fomu baada ya uchungu wa usiku kucha?

Na tukishindwa kabisa?

Kwanza, acheni mazungumzo kwa wiki moja, na katika wiki hiyo mtu yeyote asitaje jina lolote, hata kwa utani. Kisha kila mmoja aandike majina matatu ambayo yeye mwenyewe angeweza kuyakubali kutoka upande wa mwenzake. Zoezi hili huwashangaza watu, kwa sababu ni rahisi kukataa jina ulilopewa, lakini ukiombwa uchague katika ukoo wa wakwe zako utakumbuka kwamba kuna shangazi fulani uliyempenda tangu siku ya kwanza. Mara nyingi jina hupatikana hapo, na upande unaolipokea hufurahi zaidi kwa kuwa halikudaiwa.

Lisipopatikana, tafuteni mtu mmoja anayeheshimiwa na pande zote: msimamizi wa harusi yenu, mchungaji, imamu, au wanandoa waliotangulia mbele yenu. Awe mmoja, na wala asiwe mzazi wa yeyote kati yenu. Kuita kikao cha koo mbili kwa ajili ya jina ni kuualika ugomvi mwingine, kwa sababu wazee watakuja na madai ya mahari ambayo mlidhani yamekwisha.

Mahakama ya Watoto ya Milimani ipo, na wazazi waliotengana huitumia kwa mambo ya malezi na matunzo, ambamo suala la jina huweza kujitokeza. Kwa mume na mke wanaoishi chini ya paa moja, hatujaona sababu ya kulifikisha huko. Muda wa miezi 6 wa usajili ukikaribia kwisha na bado hamjaelewana, mwandikisheni mtoto kwa jina lile moja mnalokubaliana nalo, hata kama ni la kwanza tu, kisha muendelee kuzungumza kuhusu mengine katika muda ambao sheria imewaachia.